Kitufe Chekundu

Leo tuzungumze juu ya kitufe kimoja chekundu.

Kijana mmoja wa kanisa letu anayo mashine ndogo ya kuchonga mbao aliyoiunda mwenyewe. Huongozwa na kompyuta, na mafundi huiita CNC. Kando yake pana kitufe chekundu chenye kichwa kama uyoga, cha kuisimamisha wakati wa hatari.

Mashine ikaanza kusimama yenyewe katikati ya kazi. Mbao zikaharibika, wateja wakanung'unika. Kijana akaona kwamba kitufe ndicho kinachomsumbua, akaunganisha kipande cha waya ili umeme ukiruke. Mashine haikusimama tena, naye akafurahi.

Siku ya tatu nilikuwa nimesimama karibu naye. Ubao ukachomoka katika vibano. Akabonyeza kitufe, kisu kikaendelea kuzunguka. Akabonyeza tena. Ubao ukarushwa, ukapita karibu na uso wake. Nilikimbilia ukutani nikang'oa plagi.

Tulipotulia, plagi ikiwa nje, tukakagua. Kitufe cha namna hii huunganishwa kwenye skrubu zenye alama NC, ambazo mara nyingi zina namba 11 na 12. Hapo umeme hupita wakati wote, na ukibonyeza hukatika. Kwa hiyo hata waya ukikatika wenyewe, mashine husimama. Skrubu zenye alama NO ni kinyume chake: waya ukikatika hapo, hakuna ajuaye mpaka siku ya hatari.

Kijana alikuwa amechagua NC, vizuri kabisa. Akauondoa ule waya wa kuruka, akapima kwa mita ya umeme. Mita ikalia, maana njia ilikuwa nzima. Akabonyeza kitufe, mita ikanyamaza. Akakiachilia, akautikisa waya kidogo, mita ikanyamaza tena! Skrubu moja ilikuwa imelegezwa na mtikisiko wa mashine. Kumbe kitufe kilikuwa kikisema kweli siku zote.

Tukaona na kosa la pili. Mota ya kisu ilipata umeme wake moja kwa moja ukutani, hata kitufe kisingeweza kuizima. Fundi wa umeme aliyehitimu akaipitisha kwenye kontakta, yaani swichi kubwa inayoachia mara tu umeme wa kitufe unapokatika. Sasa kila asubuhi, kabla ya kufunga ubao, kijana hubonyeza kitufe. Kila kitu husimama. Akikiachilia, hakuna kinachoanza mpaka yeye mwenyewe aamuru.

Ndugu yangu, dada yangu, ni nani aliye kitufe chekundu maishani mwako? Pengine ni mkeo anayekuonya juu ya pombe. Pengine ni mzazi, au dhamiri yako usiku. Amekusimamisha mara nyingi hata umechoka, nawe umepitisha waya wa kumruka. Je, umekagua kwanza kama kuna kitu kilicholegea?

Wale wanawali watano wapumbavu walikuwa na taa. Walichokosa ni kujiandaa mapema. Ondoa waya huo leo, kungali na utulivu.

Bwana awabariki. Kwaherini.