Ngano, Mbolea na Siku za Jua

Mwenyekiti ameniomba niseme machache kabla hamjagawa pesa za mkopo wa mbolea. Nitaanza mbali kidogo, mnivumilie.

Tumezoea kusema mbolea ni chakula cha ngano. Si hivyo hasa. Ngano hujipikia chakula yenyewe ndani ya majani, kwa maji, hewa na mwanga wa jua. Jua ni la bure, lakini bila jani la kulipokea, mwanga unaanguka juu ya udongo mtupu na kulisha magugu.

Sasa mbolea inaingia wapi? DAP ya kupandia ina fosfati nyingi. Inasaidia mizizi na machipukizi ya kwanza, shamba likafunika udongo upesi. CAN inayofuata huongeza majani na kuyaweka yakiwa kijani kwa muda mrefu. Angalieni sana lile jani la juu kabisa, chini ya suke. Hilo pamoja na suke lenyewe ndiyo hujaza sehemu kubwa ya punje. Likigeuka manjano mapema, au kutu ikilishika, punje zinakunjamana na mnunuzi anakata bei.

Lakini jani linataka siku za kufanya kazi, na maji pia. Hapa Uasin Gishu wengi wetu hupanda Mei na Juni. Anayepanda Julai, ngano yake inajaza punje mvua ikielekea kwisha. Udongo ukikauka, jani hufunga vitundu vyake lisipoteze maji, na hapo jua linaliwakia bure. Halafu ngano inaiva kwa haraka. Msiseme nimewaambia mpande Machi: ikiiva mvua ingali inanyesha, itaota kwenye suke.

Mfuko wa kilo 50 wa CAN yenye naitrojeni asilimia 26 una kilo 13 tu za naitrojeni. Ni pesa nyingi kwa kilo 13. Ukiziweka kwa ngano iliyochelewa, umenunua majani yasiyo na siku. Na ukizidisha, ngano inalala, majani yanafunikana.

Kwa hivyo naomba pesa za kwanza ziende kwa trakta, si kwa mbolea. Mnajua foleni ya trakta ilivyo: mwenye eka hamsini analimiwa kwanza, mjane wa eka mbili anangoja hadi mwisho. Anapanda nyuma ya wote, lakini riba analipa sawa na wengine. Hiyo si haki, hata kama hakuna aliyekusudia. Kikundi kikodishe trakta pamoja, kianze na mashamba madogo. Pesa za CAN zitoke baadaye, baada ya kamati kutembelea kila shamba. Aliyechelewa sana asipewe mfuko huo, tusimwongezee deni.

Najua wenye mashamba makubwa hawatapenda, na wana haki ya kusema. Mweka hazina anayo orodha ya tarehe za kupanda za msimu uliopita. Aisome kwanza, halafu maswali.