Moyo uliotengenezwa haujamaliza safari



Kati yetu tuliorudi toka Nyarugusu na penginepo kuna wale waliopasuliwa moyo wangali watoto. Walizaliwa na tundu ndani ya moyo, ao midomo yao ilikuwa ya buluu. Leo ni watu wazima, wanavua, wanachuuza, wanalea. Tunasema wamepona. Ni kweli, lakini bado wanahitaji kufuatwa.

Pale moyo uliposhonwa panabaki kovu. Umeme mdogo unaoamuru moyo upige unaweza kukwama hapo ao kuzunguka vibaya, hata miaka 20 baada ya upasuaji. Mtu anasikia kizunguzungu, moyo unakimbia ao unachelewa, anaanguka ghafula. Sisi tunakimbilia kusema: ni kifafa, ni malaria, amelogwa. Hapana! Aliyepasuliwa moyo akizimia, apelekwe kwa munganga siku ile ile, na aseme wazi kwamba alipasuliwa.

Wengine watahitaji kifaa kinachowekwa chini ya ngozi, karibu na bega, chenye waya unaofika ndani ya moyo. Betri ya moyo inausukuma moyo unaochelewa. Kifaa cha pili kinaupiga shoti moyo unaokimbia mpaka kutaka kuua, urudi kwenye mwendo wake. Hapa Uvira haviwekwi. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, kule Dar es Salaam, inafanya kazi hiyo. Ni kuvuka ziwa mpaka Kigoma, kisha nchi kavu mpaka baharini.

Sasa, tusikilizane vizuri. Betri hii si kama ya tochi. Ikikaribia kwisha, kisanduku chote kinabadilishwa, mara nyingi baada ya miaka 5 mpaka 15, na katikati lazima kipimwe. Kulipia safari ya kwanza tu ni kumwacha mtu njiani. Kwa hiyo tunaomba mfuko wetu utenge kitu kila mwezi kwa safari za kupimwa, hata mwezi usio na mgonjwa.

Na wewe mwanamemba, leta makaratasi ya upasuaji tuyapige picha, maana vita na mafuriko havichagui. Mwenye kifaa atembee na kadi yake, simu asiiweke mfuko wa shati, asogee mbali na wanaochomelea vyuma. Ngozi ikivimba juu ya kifaa, asingoje.