Fundi Naye Huchagua Mteja

Mada iliyotolewa mbele ya wananchi katika semina ya elimu kwa mtumiaji





Kila mwaka, tarehe 15 Machi, ulimwengu huadhimisha Siku ya Haki za Mtumiaji. Tarehe hiyo inatokana na ujumbe ambao Rais John F. Kennedy wa Marekani aliupeleka kwa Bunge la nchi yake mwaka 1962, akitaja haki nne za mtumiaji: kulindwa usalama wake, kupewa taarifa, kuchagua na kusikilizwa. Katika semina zilizopita tuliizungumzia sana haki ya kuchagua. Tulieleza namna ya kumchagua fundi mwashi, fundi umeme, fundi bomba na seremala. Leo nataka tuutazame upande wa pili. Mnapomchagua fundi, fundi naye yumo katika kuwachagua ninyi. Na asiyejua kwamba anapimwa huweza kumpoteza fundi mwema, akabaki na yule aliyekosa kazi kwingine.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Nilitaka kuweka tangi la maji la lita 2,000 juu ya bafu la uani. Nikaita fundi mwashi mwenye sifa njema. Kabla ya kutaja bei, alianza kuuliza. Ukuta huu ulijengwa na nani? Msingi wake una kina gani? Una nondo? Sikuwa na jibu. Akaniomba ruhusa ya kuchimba kidogo pembeni ili auone msingi. Nilikataa, kwani nilikuwa na ugeni wa harusi uliokaribia na sikutaka uwanja uchafuke. Akafunga mfuko wake wa vifaa, akasema kwa upole, "Mama, unisamehe. Kwa masharti hayo kazi hii sitaiweza."

Niliona amenidharau. Siku ya pili nikampata mwingine ambaye hakuuliza lolote ila siku ya kuanza. Akamwaga dari ya zege, na kwa kuwa nilimharakisha, mirunda ikatolewa siku ya tano. Zege hupimwa nguvu yake katika siku ya 28, na kabla ya hapo huhitaji kumwagiwa maji na kuachwa itulie juu ya mihimili yake. Tukapandisha tangi na kulijaza. Lita 2,000 za maji ni kilo 2,000, yaani tani 2 kamili, juu ya ukuta ambao hakuna aliyeujua. Haukupita mwezi, ufa ukajitokeza kuanzia pembe ya mlango hadi juu. Tuliyamwaga maji usiku huohuo, wajukuu wangu wakiwa wamehamishiwa chumba cha mbele.

Ndugu zangu, yule wa kwanza hakunidharau. Alikuwa akinilinda, na alikuwa akilinda jina lake. Fundi haishi kwa matangazo. Huishi kwa kazi zake zinazoonekana na kwa maneno ya watu. Ukuta ukipasuka, hakuna atakayesema kwamba mwenye nyumba alikuwa na haraka. Watasema, fundi fulani ndiye aliyejenga. Kwa sababu hiyo fundi mwenye kazi za kutosha hukagua kiwanja, na humkagua mwenye kiwanja pia. Nimezungumza na mafundi wengi katika kazi yangu hii, na mambo wanayoyatazama hayatofautiani sana.

La kwanza, hutazama kama mteja anajua anachokitaka. Mteja anayesema "wewe anza tu, tutaelewana mbele ya safari" huwatia hofu. Leo dirisha liwe hapa, kesho lihamie kule, na kila badiliko ni tofali zilizovunjwa na siku iliyopotea ambayo hakuna anayetaka kuilipia.

La pili, hutazama kama fedha ipo. Hawaulizi ili wajue utajiri wako. Saidia fundi hulipwa jioni ya kila siku, awe mwenye nyumba amepata au hakupata. Kazi ikisimama katikati, fundi hubaki na madeni ya vijana wake, naye amekwisha kukataa kazi nyingine kwa ajili yako. Basi semeni ukweli: "Fedha niliyo nayo inatosha msingi, ukuta ni baada ya mavuno." Fundi mwema hatakukimbia kwa jibu hilo. Atapanga kazi kwa awamu.

La tatu, hutazama nani mwenye kauli. Kuna nyumba ambayo mume anaagiza hivi, mke anaagiza vile, na ndugu aliye ng'ambo anayetuma fedha anatazama picha katika simu na kuagiza jambo la tatu. Fundi huonekana mkaidi kwa wote. Chagueni mtu mmoja wa kutoa maagizo, na aliye mbali azungumze kupitia kwake.

La nne, huuliza habari za fundi aliyetangulia. Kama kazi iliachwa katikati, atataka kujua kwa nini. Wengi wetu hapo huanza kumtukana yule aliyeondoka. Fundi akisikia kwamba watatu waliomtangulia wote walikuwa wezi na walevi, hujiuliza yeye ataitwa nani. Elezeni yaliyotokea bila kuongeza chumvi: kiasi kilicholipwa, kazi iliyofanyika, na mahali mliposhindwa kuelewana. Habari hizo ndizo zitakazomsaidia kujua kilichofichwa ndani ya ukuta.

La tano, hutazama uhalali. Je, kiwanja ni chako? Una kibali cha ujenzi kutoka halmashauri? Ujenzi ukisimamishwa, fundi ndiye anayekutwa na mwiko mkononi.

La sita, nami ndilo lililoniangusha, ni haraka. Mteja anayemtaka fundi aruke hatua ni mteja wa hatari. Ukimwambia fundi umeme aache kuweka waya wa ardhi ili kupunguza gharama, naye akakataa kazi, mshukuru. Ukimpata atakayekubali, ujue umelipia msiba.

Sasa, si kila anayekupima anakupima kwa haki. Wapo wanaotumia maneno haya haya ili kutudanganya, na hapa naomba mnisikilize kwa makini.

Fundi mwaminifu huuliza juu ya kazi. Mjanja huuliza juu ya mfuko. Akitazama gari lililoegeshwa uani kisha akataja bei bila kupima ukuta, huyo hachagui mteja, anachagua windo. Akisema "wateja wangu ni wengi, lipa fedha yote leo ama nakwenda kwingine," mwacheni aende. Arubuni ni jambo la kawaida na la haki, kwani humfunga kila mmoja kwa neno lake. Lakini malipo yote kabla ya kazi humwacha mteja mikono mitupu. Vilevile, anayemkataa mtu kwa ajili ya kabila lake au dini yake, au anayemwambia mama mjane "niitie mwanamume wa nyumba hii nizungumze naye," hana sababu ya kifundi. Msimbembeleze.

Je, ukikataliwa ufanye nini? Usikasirike kama nilivyokasirika mimi, wala usipandishe bei ili kumshawishi. Muulize kwa heshima: "Fundi, ni jambo gani katika kazi hii lisilokuridhisha?" Jibu lake ni ushauri ambao hukuulipia. Akisema msingi haufai, mwite fundi wa pili umwonyeshe msingi huohuo. Wawili wakisema neno moja, tatizo haliko kwa mafundi.

Wapo watakaoniambia, "Dada, sisi wenye kipato kidogo tutachaguliwa na nani?" Wahenga walisema, mchagua nazi hupata koroma, na fundi anayewasubiri matajiri peke yao naye hukaa njaa. Mafundi wengi wameniambia kwamba mteja wa kazi ndogo anayelipa siku aliyoahidi ni bora kuliko mwenye jumba anayemzungusha fundi miezi mitatu. Uaminifu hauhitaji kipato kikubwa. Unahitaji kutimiza neno.

Basi kabla ya kumwita fundi, keti na karatasi moja. Andika kazi unayoitaka na mahali itakapofanyika. Andika vifaa ulivyo navyo na vitakavyonunuliwa, na nani atakayevinunua. Andika fedha iliyopo na siku ambayo nyingine itapatikana. Andika jina la mwenye kauli. Fundi akifika, mpe karatasi hiyo aisome, umwache aulize.

Mkikubaliana, andikianeni. Mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, haiyatupi mapatano ya mdomo, lakini siku ya ugomvi mapatano hayo huwa magumu kuyathibitisha. Hati yenu itaje kazi, bei, awamu za malipo na muda. Itaje pia sehemu ya fedha itakayobaki mpaka kazi ikaguliwe, na kwamba badiliko lolote litaandikwa na kukubaliwa bei yake kabla ya kufanywa. Wekeni sahihi mbele ya mashahidi, na kila upande ubaki na nakala.

Nanyi msiache kumpima fundi. Mwombeni awaonyeshe kazi aliyoifanya, mzungumze na mwenye nyumba ile. Kwa nyaya za umeme, ulizeni leseni ya EWURA. Kwa ufundi mwingine, ulizeni kama ana cheti cha VETA. Hata aliyejifunzia kazi mtaani anaweza kupimwa na kurasimishiwa ujuzi wake. Anayewauliza ninyi maswali hatachukia kuulizwa. Mkidanganywa kuhusu bidhaa au huduma, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza udanganyifu huo, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani. Chukueni hati na stakabadhi zenu, kwani malalamiko yasiyo na ushahidi huchelewa njiani.

Nimalizie kwa lile tangi langu. Nilirudi kwa fundi wa kwanza, nikamweleza yote bila kuficha. Alikuja, akaniuliza maswali yaleyale, na safari hii nilimpa jembe mwenyewe. Msingi ulikuwa wa kina kifupi, usioweza kubeba zaidi ya ukuta wake. Akanishauri tulijengee tangi nguzo zake, kwa msingi wake, mbali na bafu. Kazi ilichukua wiki kadhaa, maana hakukubali kuitoa mirunda kabla ya wakati, nami sikumharakisha. Nililipa mara mbili kwa tangi moja, lakini tangi hilo limesimama hadi leo.

Siku fundi atakapowauliza maswali mengi mlangoni, msimwone mjeuri. Mkaribisheni kiti, mmpe maji, mjibu kweli. Huenda ndiye mliyekuwa mkimtafuta.