Nani Ashike Swichi ya Mtandao? Maoni ya Fundi kuhusu Siasa za Nchi na Sera ya Intaneti

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya walimu, vijana na viongozi wa shehia, Kengeja, Mkoa wa Kusini Pemba



1. Utangulizi

Kazi yangu ni kufunga na kutunza mitandao ya kompyuta, na siasa huingia katika kazi hiyo bila kubisha hodi. Sisemi kwa niaba ya chama wala ofisi yoyote. Haya ni maoni yangu, na nayabeba mwenyewe. Hoja yangu ni moja: uamuzi wa kuwakatia wananchi mtandao ni mzito mno kuachiwa ofisi ya serikali peke yake, bila ya mahkama, bila ya tangazo na bila ya kikomo cha muda.

2. Tulikotoka

Tangu 2010 tunayo Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta. Mwaka 2015 ikaja Sheria ya Makosa ya Mtandao. Mwaka 2018 zikafuata Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, zilizowataka hata wenye blogu kukata leseni. Ada ya leseni na ada ya mwaka zikijumlishwa zilifika takriban shilingi milioni 2. Kwa kijana wa Mtambile au Mwambe aliyetaka kuandika habari za kijiji chake, fedha hiyo ilikuwa sawa na kuambiwa akae kimya.

Wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020, Twitter, WhatsApp na mitandao mingine ilibanwa, na kampuni za simu ziliagizwa kusitisha huduma ya kutuma ujumbe mfupi kwa watu wengi kwa pamoja. Mei 2025 mtandao wa X, zamani Twitter, ulifungiwa. Septemba mwaka huohuo leseni ya jukwaa la mtandaoni la JamiiForums ilisimamishwa kwa siku 90. Kisha tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kupiga kura, intaneti ilizimika nchi nzima, na haikuanza kurudi hadi Novemba 3.

Ukizipanga tarehe hizo utaona mwelekeo. Tulianza na kumdhibiti mwandishi, tukaja kuufunga mtandao mmoja mmoja, tukaishia kuzima kila kitu.

3. Mtandao unazimwaje, na nani anaumia

Intaneti yetu kwa sehemu kubwa hupita katika nyaya chache za baharini zinazotua Dar es Salaam, zikiwamo SEACOM iliyoanza kazi 2009 na EASSy iliyofuata 2010. Mei 12, 2024 nyaya hizo mbili zilipata hitilafu siku moja, na nchi ikaona namna inavyozitegemea. Kampuni zinazouza bando zinafanya kazi kwa leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Milango ikiwa michache, na kila mwenye mlango akiwa na leseni inayoweza kufutwa, kuzima nchi nzima hakuhitaji utaalamu mkubwa.

Kuna kubana na kuna kuzima. Kubana ni kuzuia anuani au programu fulani. Wengi hukwepa kwa VPN, yaani programu inayopitisha mawasiliano kwa njia iliyofichwa, ndiyo maana Oktoba 2023 TCRA ikawataka watumiaji wa VPN wazitolee taarifa. Kuzima ni kukata data yote, na hapo VPN haisaidii kitu. Mitambo haina uwezo wa kupima nia ya mtu. Inapokata, inamkata mchochezi pamoja na daktari, mwalimu na mfanyabiashara.

Wapo wanaosema kwamba huduma za pesa kwa simu huendelea. Ni kweli kwamba menyu za nyota na alama ya reli hazipiti kwenye intaneti, kwa hiyo zinaweza kubaki hai. Lakini ndugu aliyeko Maskati anayemtumia mama yake fedha kwa programu ya simu amekatika. Kijana anayepokea oda za biashara kwa WhatsApp amekatika. Mwanafunzi wa chuo anayetakiwa kuwasilisha kazi yake amekatika. Na familia iliyosikia kwamba kuna vurugu mjini haijui mtoto wao yuko wapi.

4. Hoja ya usalama

Nawaheshimu wanaotetea hatua hizi kwa jina la amani. Sisi Pemba tunajua damu ya siasa ni nini. Umwagaji damu wa Januari 2001 haujasahaulika, wala wa Oktoba 2020. Uongo mtandaoni upo, na matapeli wapo: nani hapa hajapata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Sheria ya Makosa ya Mtandao inapomfuata tapeli au mwizi wa akaunti, mimi niko upande wa sheria hiyo.

Lakini mwizi akipita barabara ya Mkoani kwenda Chake Chake, hatuichimbi barabara. Tunamtafuta mwizi. Laini zetu zote zimesajiliwa kwa alama za vidole. Serikali ina njia ya kumfikia mhalifu mmoja kwa amri ya mahkama bila ya kuwaadhibu mamilioni.

Tena kuzima mtandao hakuui uvumi. Uvumi hutembea kwa mdomo, na anayeweza kuukanusha kwa picha, kwa taarifa rasmi au kwa sauti yake mwenyewe ndiye anayekosa njia. Zanzibar tumewahi kupata utulivu, na tuliupata kwa kuzungumza: maridhiano ya Novemba 2009 yalizaa kura ya maoni ya Julai 31, 2010, na asilimia 66.4 walikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Watu walijadili barazani na hadharani, kisha wakaamua.

Vilevile sera mbaya ya mtandao ina bei. Machi 2016 bodi ya Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, MCC, ilisitisha ushirikiano na Tanzania, na msaada wa zaidi ya dola milioni 470 uliokusudiwa kwa umeme ukapotea. Sababu zilizotajwa ni mbili: uchaguzi wa marudio wa Zanzibar na matumizi ya Sheria ya Makosa ya Mtandao. Sisemi tutunge sheria zetu ili kuwafurahisha wafadhili. Nasema siasa za uchaguzi na sheria ya mtandao zimeshafungwa pamoja, na mwananchi anayesubiri umeme ndiye anayelipa.

5. Katiba zetu zinasemaje

Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inatambua haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari, pamoja na uhuru wa kuwasiliana bila kuingiliwa. Katiba ya Zanzibar ya 1984, katika kifungu chake cha 18, nayo inalinda uhuru wa maoni. Wenzetu wa Afrika Magharibi wamekwenda mbali zaidi: Juni 2020 Mahakama ya Jumuiya ya ECOWAS iliamua kwamba Togo ilivunja haki za raia ilipozima intaneti mwaka 2017.

Posta na simu ni jambo la Muungano. Maana yake, swichi ikibonyezwa Dar es Salaam, giza linafika Kengeja, na Baraza letu la Wawakilishi halina kauli katika sheria iliyoruhusu. Hili linastahili kujadiliwa kwa utulivu katika kila mazungumzo ya mageuzi ya katiba.

6. Mapendekezo

(a) Sheria itamke kwamba mtandao hauzimwi kwa jumla. Kizuizi cha sehemu kiwe kwa amri ya Mahkama Kuu, chenye sababu iliyotangazwa na muda unaojulikana.

(b) Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao, kinachohusu taarifa za uongo, kiandikwe upya. Adhabu ya faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3 jela ni nzito mno kwa kosa ambalo mipaka yake ni mipana.

(c) Mwananchi anayeandika kwa jina lake asitakiwe leseni.

(d) TCRA ichapishe kila agizo inalowapa watoa huduma, na wakuu wake wathibitishwe na chombo cha wananchi.

(e) Serikali ya Mapinduzi na Baraza la Wawakilishi washauriwe kabla ya sheria ya mawasiliano kupitishwa.

7. Hitimisho

Walimu, wafundisheni wanafunzi kuhakiki habari kabla ya kuisambaza, maana uongo wetu wenyewe ndio unaompa mzimaji kisingizio. Masheha, pelekeni mapendekezo haya kwa mbunge na mwakilishi wetu, na muwaulize hadharani wanasimama wapi. Vijana, isomeni ibara ya 18 mpaka muijue, kisha mtumie haki hiyo kwa adabu na bila woga. Swichi hii ikiwa chini ya sheria, kila chama kitakachoshika nchi kitabanwa nayo, na kila chama kitakachokuwa nje kitalindwa nayo.