Moto wa akiba katika nyumba mpya

(Maneno ya fundi wetu wa ujenzi mbele ya wanachama na wafadhili, Masisi)



Tangu tulirudi, mazungumzo yetu yote ni tole na misumari. Ni sawa, nyumba njo mwanzo. Lakini leo nasema juu ya baridi. Munajua milima yetu, mingi inapita meta 2,000. Mvua ikipiga usiku, baridi inapenya kati ya mbao, na wa kwanza kuumia ni mtoto muchanga na muzee.

Tunafanya nini? Tunawasha mbabula inje, moshi ukiisha tunaiingiza ndani, tunafunga mlango, tunalala. Tunasema: makala imekuwa nyekundu, haina tena hatari. Hapo njo kifo kinajificha. Makala yenye kuwaka inatoa hewa ya sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, haikoholeshi mtu. Ikiingia kwenye damu, inazuia damu kubeba hewa safi. Mukiamka kichwa kinawauma nyumba nzima, na kizunguzungu, na kutapika, musiseme ni uchawi. Mutoke inje wote mara moja, na mwenye kuzidiwa apelekwe hospitali.

Wazee wataniuliza: mbona zamani tuliota moto ndani? Kweli, lakini nyumba ya majani ilipumua, moshi ulipita katikati ya majani. Nyumba ya tole, yenye ukuta uliozibwa vizuri, haipumui vile. Nyumba imebadilika, moto nao ubadilike.

Dawa ya kwanza ya baridi ni nyumba yenyewe: tuzibe nyufa, tuweke dari, tuinue vitanda kutoka chini. Jiko la kuni ni akiba, kwa usiku wa mvua kali na kwa mama aliyezaa. Liwe na mlango, na bomba la kupeleka moshi inje.

Munisikilize vizuri kwa vipimo. Pipa la mafuta ni jembamba, linatoboka haraka. Bora bati nene la milimita 4 au 5, alichome fundi wa chuma. Bomba lisitengenezwe na tole: ile zinki iliyopakwa juu yake ikipata moto mkali inatoa moshi mubaya. Jiko na bomba vikae mbali na ukuta wa mbao: bomba sentimita 45 kwa uchache, na jiko lenyewe sentimita 90. Chini tuweke mawe, na hapa mawe ya volkano hayakosekani. Bomba lipande wima, kona ziwe chache, na linapotoboa paa lisigusane na ubao wowote. Juu ya paa lizidi sentimita 90, na lipite kwa sentimita 60 kila kitu kilicho karibu yake, ndani ya meta 3. Likiwa fupi, upepo utarudisha moshi kwa watoto.

Kuni ziwe kavu. Mikaratusi ikatwe, ipasuliwe, ikae chini ya paa miezi 6. Kuni mbichi zinajaza bomba masizi na lami, na siku moja bomba lenyewe linawaka. Tulisafishe kila mwezi tunapolitumia. Majivu tuyatie kwenye chombo cha chuma chenye kifuniko, tuyaweke inje, sababu kaa linaweza kuishi ndani yake siku nyingi. Na kila mwenye shamba apande miti yake, tusiende kuitafuta ndani ya Virunga.

Sasa neno kwa wafadhili. Munapohesabu tole za nyumba moja, muhesabu na bomba. Najua bei ya jiko ni kubwa, na pesa ya jiko moja inaweza kununua tole kadhaa za jirani anayelala bado chini ya turubai. Kwa hiyo siombi jiko kwa kila nyumba. Naomba tuanze na nyumba zenye watoto wachanga, wagonjwa na wazee, na sisi wanachama tutoe mawe, kuni na mikono ya kazi.

Wenye maulizo, niko hapa. Lakini kabla ya kupiga kura tukubaliane kwa moja isiyo na bei: leo usiku, mbabula ilale inje.