Plagi za Injini Zibadilishwe Lini?

Hotuba iliyosomwa na fundi mkuu wa karakana ya Chama Kikuu mbele ya wanachama na maofisa, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi



Walionitangulia wamenena juu ya bei ya kahawa na juu ya maghala. Mimi nimetwikwa jambo liwezalo kufichwa katika kiganja cha mkono, nalo ni plagi ya injini. Hata hivyo ndani ya kitu hiki kidogo mna fedha zenu, na swali ambalo wajumbe wa vyama vya msingi wamelileta karakana ni swali la haki: plagi zibadilishwe kila baada ya muda gani? Wako wasemao kwamba kila gari liingiapo karakana lipewe plagi mpya. Wako wasemao kwamba plagi isiguswe maadamu gari lawaka. Kauli hizo zote mbili zina hasara, nami nitaeleza kwa nini.

Kwanza yafaa tufahamu kazi ya plagi. Injini ya petroli hupata nguvu kwa kuunguza mchanganyiko wa petroli na hewa ndani ya silinda, na kiwashi cha moto huo ni plagi. Koili huzidisha umeme wa betri, ambao ni wa volti 12, ukawa volti elfu nyingi, hata 20,000 na zaidi. Umeme huo hushuka katika ncha ya kati ya plagi, iliyozungushiwa kauri, ukaruka mwanya mdogo hadi ncha ya pembeni. Aghalabu mwanya huo hauzidi milimita moja kwa mengi. Katika kuruka ndipo cheche hutokea.

Sasa tazameni wingi wa kazi hiyo. Injini ya mipigo minne izungukapo mara 3,000 kwa dakika, kila plagi hutoa cheche 1,500 kwa dakika, yaani 90,000 kwa saa. Gari likienda kilomita 30,000 kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, limetembea saa 500, na kila plagi imetoa cheche kadiri ya milioni 45. Kila cheche hula chembe ya ncha. Mwanya hupanuka, koili hulazimika kusukuma umeme kwa nguvu zaidi, na mwisho cheche huanza kukosekana. Petroli isiyowaka hutoka na moshi. Mkulima amekwisha kuilipia, nayo haikumvutia hata gunia moja. Tena kwa magari yenye chombo cha kusafishia moshi, petroli hiyo huenda kuungulia humo, ikakiharibu chombo ambacho bei yake yapita mbali bei ya plagi nne.

Hapa hapana budi niseme neno juu ya malori. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche, kwa kuwa huwasha mafuta yake kwa joto la hewa iliyobanwa. Nyingine zina plagi za kupashia joto, zisaidiazo wakati wa kuwasha, nazo ni kitu kingine kabisa. Basi ikiletwa mbele ya Halmashauri hati ya kununua plagi za cheche kwa ajili ya lori la dizeli, wajumbe waulize maswali kabla ya kutia sahihi.

Hesabu yetu basi ni ya magari madogo ya petroli, pikipiki za mabwana shamba, pampu za maji, na injini za kumenyea kahawa.

Ndugu wanachama, wazee waliofundishwa udereva katika miaka ya 1950 na 1960 walipokea desturi ya kusafisha plagi kila maili 5,000 na kuzibadilisha kila maili 10,000, ambazo ni kilomita 16,000. Kwa wakati wao ilikuwa desturi njema. Petroli ilitiwa risasi, na masalio yake yaliganda juu ya kauri. Tena kabureta zilipima petroli kwa kukadiria tu. Leo mambo yamebadilika. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia mwaka 2006, na mwaka 2021 ikakoma kuuzwa kwa ajili ya magari duniani kote. Magari mengi ya sasa hupimiwa petroli na kuwashwa kwa mitambo ya elektroniki. Anayeendelea kubadilisha plagi njema kwa sababu ya desturi ile anatupa mali ambayo bado ina kazi.

Je, kipimo cha leo ni kipi? Hutegemea madini ya ncha. Plagi za kawaida, zenye ncha ya nikeli, hudumu kadiri ya kilomita 30,000. Zile zenye ncha ya platini au iridi bei yake ni kubwa zaidi, lakini nyingi hufika kilomita 100,000. Pikipiki ndogo, kwa kuwa injini yake huzunguka kwa kasi sana, aghalabu huhitaji plagi mpya kati ya kilomita 8,000 na 12,000. Pampu na injini za kumenyea hazina kilomita, basi huhesabiwa kwa saa. Kwa injini nyingi ndogo za namna hii plagi hukaguliwa kila saa 100 za kazi, na hubadilishwa kila saa 300 au kila mwaka, lolote litakalotangulia. Juu ya hesabu zote hizi husimama kitabu cha mtengenezaji. Kikisema neno, sisi mafundi tunyamaze.

Lakini plagi yaweza kufa kabla ya siku zake, na hapo ndipo penye elimu kubwa. Ili ijisafishe yenyewe, pua ya kauri lazima ipate joto la digrii 450 hivi. Gari lisimamalo kwenye kila kituo huku injini yaunguruma bure halifikii joto hilo, na masizi hujikusanya. Joto likipita kiasi, kama digrii 850, plagi yaweza kuwasha petroli kabla ya wakati na kuiharibu pistoni. Ndiyo maana plagi huchaguliwa kwa namba yake. Kuingia kwake katika tundu si ushahidi kwamba yafaa.

Kwa hiyo fundi akifungua plagi, na aisome kama daktari asomavyo ulimi wa mgonjwa. Ikiwa rangi yake ni ya udongo mkavu au kijivu, injini ni nzima. Ikiwa ina masizi makavu meusi, petroli imezidi au hewa haitoshi. Tazama chujio la hewa, ambalo katika barabara zetu za vumbi huziba upesi. Ikiwa imelowa mafuta ya injini, ringi za pistoni au vavu zimechakaa. Ikiwa ni nyeupe, imebabuka na kuota malengelenge, injini inachemka, au petroli haitoshi, au plagi si ya namba yake. Katika hali hizo tatu za mwisho, kutia plagi mpya bila kutibu ugonjwa ni kumfunga mgonjwa kitambaa kipya juu ya kidonda kichafu. Nayo itarudi vivyo hivyo baada ya wiki chache. Kadhalika petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huifanya injini igonge, na plagi ndiyo huumia miongoni mwa vitu vya kwanza. Tununue mafuta mahali panapotoa stakabadhi.

Kazi yenyewe yataka uangalifu. Injini ipoe kwanza. Vumbi lipulizwe kuzunguka plagi kabla ya kuifungua, lisije likaanguka ndani ya silinda. Mwanya upimwe kwa kipimo, kwa maana jicho hudanganya. Ncha nyembamba za iridi zisisuguliwe kwa brashi ya chuma. Plagi mpya ianzwe kukazwa kwa vidole mpaka ikae. Kwa zile zenye pete, ndipo ikazwe kwa spana kadiri ya nusu mzunguko, isipokuwa kitabu kimeagiza vingine. Mwenye kukaza kwa mabavu huharibu hesi za kichwa cha injini, na hasara hiyo hailipwi kwa bei ya plagi. Tena plagi za injini moja ziwe za aina moja, zibadilishwe pamoja.

Sasa nafika kwenye neno nililokusudia hasa. Maarifa haya yote hayana faida pasipo kuandika. Kilomita 30,000 zitajulikanaje, ikiwa hakuna aliyeandika plagi zilitiwa lini? Saa 300 za pampu zitahesabiwaje, ikiwa mwendeshaji haandiki saa ya kuwasha na ya kuzima? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi natoa shauri mbele ya Halmashauri: kila gari, kila pikipiki, na kila injini iwe na daftari lake. Humo iandikwe tarehe, kilomita au saa, aina na namba ya plagi, rangi ya ile iliyotolewa, na sahihi ya fundi. Mtunza bohari asitoe plagi mpya mpaka akabidhiwa ya zamani mkononi. Na katibu wa chama cha msingi awe na ruhusa ya kulifungua daftari hilo wakati wowote, maana chombo ni cha wanachama.

Wakulima wenzangu mnajua kwamba kahawa mbivu iliyochumwa asubuhi yapasa kumenywa siku hiyo hiyo. Injini ya kumenyea ikikataa kuwaka jioni, kahawa hulala ndani ya magunia, huanza kuchacha, na daraja lake hushuka. Asiyebadilisha plagi hapunguziwi malipo siku hiyo. Apunguziwaye ni mama aliyeinama shambani tangu alfajiri. Kwa upande wa pili, plagi njema itupwayo ovyo ni makato juu ya kilo zake pia. Haki yake yalindwa na mambo mawili: plagi ifanye kazi siku zake zote, na itolewe siku zake zikiisha.

Bwana Mwenyekiti, shauri la madaftari nimeliweka mezani, nami naomba lizungumzwe kabla ya msimu kufunguliwa.