Daktari wa Ngozi Anasomea Wapi?

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya walimu katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani



Tumepewa nafasi ya kusema juu ya elimu. Sisi walimu tumekubaliana tusiisifu elimu kwa jumla, maana tunafanya hivyo kila mwaka. Leo tunataka kujibu swali moja tuliloulizwa darasani. Lakini kwanza tukiri kosa letu.

Darasani kwetu alikuwamo binti mmoja aliyekuwa akijikuna mchana kutwa. Vidole na viwiko vyake vilijaa vidonda. Wenzake walikataa kukaa naye dawati moja, na sisi, badala ya kuuliza, tulimpeleka benchi la nyuma, peke yake. Alikaa huko majuma matatu. Muuguzi alipomwona alisema ni upele wa kawaida, wenye dawa. Akatueleza kwamba upele huletwa na mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, anayechimba ndani ya ngozi, na kwamba mwasho huzidi usiku. Mtu akitibiwa peke yake, ugonjwa humrudia, kwa hiyo nyumba nzima hupakwa dawa siku moja, na nguo na mablanketi hufuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Mwasho unaweza kuendelea wiki chache hata baada ya mdudu kufa, basi mzazi asikate tamaa.

Binti alipona. Siku moja akanyoosha mkono, akauliza: “Mwalimu, daktari wa ngozi anasomea wapi?” Hatukuwa na jibu. Tukamwambia tutatafuta, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Ndugu zetu, wako watu wanaodhani ngozi ni jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wakati wowote ule watu kama milioni 200 duniani wana upele, na mwaka 2017 liliuingiza katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Tazameni pia udongo wetu huu wa volkano, hapa Rubavu na kule Masisi na Rutshuru tulikotoka. Mtu akilima miguu mitupu kwa miaka mingi, chembe za udongo wa namna hii zinaweza kuingia miguuni na kuivimbisha mpaka ikawa kama ya matende. Jirani husema amelogwa, au anaogopa kuambukizwa. Hakulogwa wala haambukizi. Kinga yake ni viatu, maji na sabuni. Na tarehe 14 Agosti 2024 ugonjwa wa mpox ulitangazwa kuwa dharura ya dunia, na dharura hiyo ikaendelea hadi Septemba 2025. Katika miezi ile kila kipele kilitutia hofu. Kutofautisha mpox, tetekuwanga na upele kunahitaji jicho lililofundishwa.

Sasa, jicho hilo linafundishwa wapi? Mahali panapojulikana sana katika Afrika yetu hii ni Moshi, Tanzania, chini ya Mlima Kilimanjaro, katika hospitali ya KCMC. Hapo, mwaka 1992, kilianzishwa Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, kwa ushirikiano wa serikali ya Tanzania na madaktari wa ngozi wa dunia. Waliona kwamba nchi nyingi zilikuwa na madaktari bingwa wa ngozi wa kuhesabika kwa vidole, nao wote wakiishi mijini. Tangu hapo kituo kimefundisha watu zaidi ya 200 kutoka nchi nyingi za Afrika.

Vijana, sikilizeni vizuri. Milango ni miwili.

Mlango wa kwanza ni wa daktari bingwa. Ukimaliza sekondari kwa alama nzuri za biolojia na kemia, unasoma udaktari miaka mitano au sita, kwa kadiri ya chuo. Kisha unafanya kazi hospitalini chini ya usimamizi mwaka mmoja, na unasajiliwa na baraza la madaktari la nchi. Hapo ndipo unapoomba masomo ya ubingwa wa ngozi, ambayo pale Moshi huchukua miaka minne. Jumla ni miaka kumi na zaidi. Hatutaki kuwaficha.

Mlango wa pili ni wa muuguzi au tabibu. Huyu husoma kwanza kazi yake, akaitumikia kwa muda, kisha huenda Moshi miaka miwili kupata diploma ya juu ya magonjwa ya ngozi na ya zinaa. Kituo kilianza na mlango huu hasa, kwa sababu mtu wa namna hii hurudi wilayani kwake na kubaki na wagonjwa. Msiudharau. Kambi yenye tabibu mmoja wa ngozi ina bahati kuliko mji wenye bingwa asiyefikika.

Na wakiwa huko wanafanya nini? Wanawaona wagonjwa wa nje na wale waliolazwa. Wanajifunza kukata kipande kidogo cha ngozi na kukipima kwa darubini. Wanajifunza kuutambua ukoma mapema, kabla mkono haujapinda. Wanakwenda vijijini kuwaangalia ndugu zetu wenye ualbino, ambao jua huwaletea saratani. Hospitali hiyo imekuwa ikiwatengenezea mafuta ya kuwakinga na jua. Tena wanajifunza katika ngozi nyeusi. Hili ni kubwa. Vitabu vingi vya udaktari vimejaa picha za ngozi nyeupe, na vinasema tafuta wekundu. Kwetu wekundu huo mara nyingi huonekana kama weusi zaidi, au zambarau, au kijivu. Mwaka 2020 kijana mmoja mzaliwa wa Zimbabwe, Malone Mukwende, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari London, alishirikiana na walimu wake kutoa kitabu kinachoonyesha dalili za magonjwa katika ngozi nyeusi. Alikuwa mwanafunzi tu, lakini aliuliza swali.

Sasa tuseme juu ya vizuizi, maana sisi ni wakimbizi. Ada ni kubwa. Mpango wa DAFI wa UNHCR, ambao nao ulianza 1992, umesomesha maelfu ya wakimbizi, lakini unasaidia shahada ya kwanza, siyo ubingwa, na nafasi ni chache. Mwaka 2023 UNHCR ilisema ni wakimbizi 7 tu katika kila 100 wa umri huo waliofika elimu ya juu. Kizuizi kingine ni vyeti. Wengi wetu tulikimbia usiku, na diploma zikabaki chini ya godoro au ndani ya nyumba iliyoungua.

Lakini tusisahau kwamba tuna haki. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Rwanda iliuridhia mwaka 1980, unasema katika ibara ya 22 kwamba katika elimu ya juu ya msingi mkimbizi atendewe vizuri kadiri iwezekanavyo, hasa katika kutambuliwa kwa vyeti vya nje, kupunguziwa ada na kupewa ufadhili. Maneno hayo hayasemi tutapewa kila kitu. Yanatupa ruhusa ya kuomba tukiwa tumesimama wima.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

Kwanza, Kamati ifungue daftari la vyeti, ili kila aliyesoma aandikwe: amesoma nini, shule gani, mwaka gani, na nani anaweza kumshuhudia. Tuanze kufuatilia sasa, tusingoje siku ya maombi ndipo tukimbizane.

Pili, ndugu wa mashirika, mnapoajiri wahamasishaji wa afya, wakumbukeni vijana waliomaliza sekondari. Mwaka mmoja kando ya muuguzi, pamoja na barua ya kumshuhudia, ni hatua ya kwanza kwa yule asiye na kitu kingine cha kuonyesha. Na mkijua kwamba nafasi fulani haipo, tuambieni mapema. Kungoja bure kunaumiza kuliko kukataliwa.

Tatu, wazazi, msiwatoe binti zetu shuleni. Miaka kumi ni mirefu, ndiyo. Lakini wako kati yetu waliokwisha kumaliza miaka kumi na zaidi kambini, na miaka ile ilipita bila kutuuliza kama tulikuwa tunasoma.

Binti yule yuko hapa leo pamoja na wenzake, hatutamtaja jina. Hatuwezi kumwahidi Moshi. Tumeweza kumrudisha benchi la mbele, na kumwomba msamaha mbele ya darasa, kama tulivyomfukuza mbele ya darasa. Swali lake tumelijibu kwa kadiri tulivyoweza. Lililobaki ni letu sote.